Naomba Mzime Mashine

Vidole vya Tambo viko mkononi mwake mpaka leo kwa sababu nilipiga kelele. Naanza na hilo kabla sijasema lolote, maana kila nikisimulia habari hii kuna mtu ananikatiza kuniuliza, "Lakini ni kweli ulimwita mjinga?" Ndiyo, nilimwita mjinga. Alikuwa amevaa glavu kwenye msumeno.

Mtu wa kazi za mbao ataelewa mara moja. Asiyeijua kazi hiyo, nimweleze. Kwenye msumeno wa meza mikono huwa mitupu. Meno yake yakigusa ngozi yatakukata, utatoka damu, utapata akili. Yakigusa glavu yanaivuta, na mkono unaifuata humo humo. Tambo alilijua hilo vizuri. Lakini asubuhi ile kulikuwa na baridi, na Tambo ni mtu wa kujionyesha, hilo jina hakulipata bure. Nilikuwa upande wa pili wa ukumbi, karibu na mashine ya randa, nikaiona ile glavu ya manjano ikisogea pamoja na ubao kuelekea kwenye meno. Hata ningekimbia nisingewahi. Swichi kuu ilikuwa mbali. Nilichobaki nacho ni koo langu.

"Toa mkono! Toa mkono, we mjinga!"

Akashtuka, akauvuta. Msumeno uliondoka na ncha ya glavu tu. Kile kipande kikaruka, kikaanguka kwenye unga wa mbao, kitupu, hakina kidole ndani. Tambo akakitazama. Kisha akawatazama watu waliokuwa wanamtazama, na hapo nikajua kwamba yale macho ya watu ndiyo yaliyomuuma. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapanda ngazi kwenda ofisini kunishtaki.

Kiwanda chetu kinatengeneza samani. Madawati ya shule, viti, makabati ya ofisi. Ni ukumbi mmoja mrefu wenye paa la bati, na mashine zote zikinguruma pamoja humsikii hata anayekupumulia shingoni. Tunavaa vizibo vya masikio. Kwa hiyo hapa hakuna kuongea. Watu wanapiga kelele, au wanaonyeshana kwa mikono.

Msimamizi wetu wa zamani tulimwita Radi, na ndiye aliyetufundisha sote, mimi na Tambo na wengine. Radi alikuwa akitukana watu mpaka ndugu zao huko waliko wanapaliwa. Siku moja alimrushia fundi nyundo ya mbao. Ikampita sikioni, ikagonga ukuta. Alama ipo mpaka leo, mgeni akija anaonyeshwa. Siku ya kumuaga Radi alipostaafu, tajiri mwenyewe, yaani mwenye kiwanda, alisimama na soda mkononi akasimulia habari ya ile nyundo, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mtu wa kazi huyo," tajiri alisema. "Mkali, lakini moyo wake safi." Tukampigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nilimpenda yule mzee.

Baada yake nikawekwa mimi, kwa kukaimu. Maana yake kazi yote ya msimamizi ni yako, lawama zote za msimamizi ni zako, ila cheo bado si chako. Tulikuwa na oda kubwa ya madawati, na tajiri alisema oda hiyo ikiisha ndipo ataamua kama nitathibitishwa. Nilikitaka kile cheo. Sioni haya kusema. Nilikuwa tayari ninaifanya kazi yake kila siku, na nusu ya wanaume wa ukumbi ule mimi ndiye niliyewaonyesha jinsi ya kushika ubao.

Na mnajua nilianzaje? Nilianza kwa upole. Nilikuwa namfuata mtu mpaka alipo, namgusa bega, anatoa kizibo, namwambia sikioni. Haukupita muda afisa utumishi akaniita. "Dada yangu," akasema, "wanalalamika kwamba huna sauti. Wanaume wale wanahitaji mtu wa kuwasimamia. Wewe unawanong'oneza." Haya. Nikapaza sauti. Na sasa, kwa sababu ya kupaza sauti, nikaitwa tena juu.

Ofisi ya tajiri ina dirisha la kioo linalotazama ukumbini, na mlango ukifungwa mashine zinasikika kwa mbali kama nyuki ndani ya mzinga. Wale wanaokaa mle wanadhani kiwandani ndivyo kulivyo. Tajiri alikuwa nyuma ya meza yake. Afisa utumishi alikuwa pembeni, amevaa koti, mguu juu ya mguu.

"Kaa, mama," tajiri akasema.

"Kwanza kabisa, kazi yako tunaipenda," akaanza afisa utumishi.

"Sana," tajiri akaitikia.

"Lakini?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Ni hiyo namna," afisa utumishi akasema. "Hiyo namna yako ya kuongea. Fundi anasema umemdhalilisha mbele ya wenzake."

"Alivaa glavu kwenye msumeno."

"Hilo tumelisikia."

"Saa hizi asingekuwa na vidole, bosi."

"Hakuna anayebisha," tajiri akasema. "Ila mtu mzima kuna namna ya kumwambia. Ungemwita pembeni."

Pembeni! Msumeno unataka kuutafuna mkono wa mtu, na mimi nimwite pembeni, labda nimkaribishe na kiti.

"Radi alirusha nyundo," nikasema.

Tajiri akatabasamu, kweli kabisa, uso wote ukamlainika. "Ah, Radi! Yule ndiyo ilikuwa hulka yake. Kila mtu alimjua."

"Na mimi hamnijui?"

"Unaona sasa?" Afisa utumishi akainua kidole. "Hata hapa sauti imeshapanda."

Haikuwa imepanda. Naapa haikuwa imepanda. Lakini aliposema hivyo ikapanda, na akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu, akaniuliza kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "Nyumbani mambo ni salama, dada yangu? Wakati mwingine mtu anabeba ya nyumbani, anayaleta kazini. Na wewe mwanamke, una mengi."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote ile Radi hakuwahi kuulizwa habari za nyumbani kwake, na hakuna asiyejua kwamba mkewe alikuwa akimfungia mlango nje, akawa analala kwenye stoo ya mbao na kuamka na vumbi kwenye nyusi. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa mtu wa kazi.

Tajiri akakata shauri. Kesho yake asubuhi nimwombe Tambo radhi mbele ya mafundi wote. Na kuanzia hapo, ndani ya ukumbi, nisipaze sauti tena. Niongee kwa upole, kama watu wastaarabu. Nikifanya hivyo mpaka madawati yaishe, cheo ni changu.

"Na nikishindwa?"

"Yule fundi naye ana uzoefu," tajiri akasema akitazama kalamu yake. "Na watu wanampenda."

"Halafu tabasamu kidogo," afisa utumishi akaongeza nilipokuwa mlangoni. "Haigharimu kitu."

Dada mmoja wa upande wa rangi, ambaye sote tunamwita Dada Vanishi, alinikuta nanawa uso bombani. Nikamweleza. Akasonya kwa kirefu. "Meza tu," akaniambia. "Waombe hiyo radhi yao. Ukishathibitishwa, utawapasua masikio."

Nikameza. Asubuhi nilisimama katikati ya ukumbi nikamwambia Tambo nasikitika kwa kumwita mjinga. Tambo alikunja mikono kifuani, mikono miwili yenye vidole vyote kumi, akasema, "Yameisha, mama mkubwa. Mimi sina kinyongo." Wenzake wawili wakachekea puani. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile, na Tambo nilimchukia zaidi.

Siku hiyo niliongea kwa upole. Nilimwendea Tambo nikamwambia taratibu, pale pale kwenye msumeno unaonguruma, kwamba vipimo vya miguu ya madawati vimebadilika, ikatwe mirefu kidogo kuliko jana. Akaitikia kwa kichwa. Akakata kwa vipimo vya jana. Nilipoliona rundo la miguu mifupi nikamuuliza, akatoa kizibo sikioni, akafungua macho makubwa. "Hukusema kitu. Niliona midomo tu inacheza." Jioni tajiri akateremka, akaliangalia lile rundo, akaniangalia mimi. "Msimamizi ni nani hapa?" akauliza. Hakuuliza nani amekata.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kama andazi.

Nakaa na mama yangu. Miaka mingi alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na ile mashine ilimwachia kikohozi na masikio mabovu. Redio yake huifungulia mpaka mwisho, majirani wote wanapata taarifa ya habari bure. Sauti yangu hii wanayoilalamikia niliipata pale nyumbani, tangu nikiwa mtoto, kwa kuongea na mama yangu ili anisikie. Watoto wengine waliambiwa wapunguze kelele. Mimi niliambiwa, "Umesema?"

Nilikaa kitini bila kuvua viatu.

"Vipi kazini?" mama akauliza.

"Wamenikataza kupaza sauti."

"Umesema?"

"Wamenikataza kupaza sauti!"

"Eh?"

"Kupaza sauti, mama! Wamenikataza!"

Nikaanza kulia. Yeye alinitazama uso, akaona machozi, akajua ni jambo zito. Akajiinua taratibu, akaenda kwenye redio, akaizima. Nyumba ikawa kimya. Akarudi, akakaa karibu nami, magoti yetu yakigusana.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nimezima. Usijitese. Sema polepole, nakusikia."

Nikamweleza yote kwa sauti ya kawaida, na akasikia yote. Nilipofika kwenye habari ya kutabasamu akatukana tusi ambalo sikujua analijua. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kulia. Nilikuwa naitazama ile redio.

Pale kiwandani, swichi kuu iko ukutani karibu na mlango wa stoo. Ina mkono wa chuma uliopakwa rangi nyekundu. Ukiuteremsha, umeme wa mashine zote unakatika. Sheria ya Radi, ambayo tajiri mwenyewe aliibariki, ni kwamba hakuna wa kuushika isipokuwa msimamizi au anayekaimu, na kwamba ukishateremshwa kila fundi azime mashine yake, aondoe mbao, asimame mbali, asiwashe mpaka aambiwe. Ni sheria nzuri. Inaokoa watu.

Asubuhi nilisubiri mpaka kazi ikakolea. Kisha nikaenda ukutani, nikauteremsha ule mkono.

Mashine zilinyamaza. Msumeno uliendelea kuzunguka kidogo, ukapiga mluzi, ukafa. Watu wakatoa vizibo, wakatazamana, wakatafuta aliyeumia.

"Samahani, ndugu zangu," nikasema kwa upole wote niliojaliwa. "Naomba mbao za migongo ya madawati ziletwe upande huu. Asanteni sana."

Nikatabasamu. Nikauinua mkono. Wakaanza kuwasha, mmoja mmoja, kama sheria inavyotaka.

Hazijakaa sawa, nikazima tena.

"Samahani. Huyo wa randa, naomba utazame kisu chako, nadhani kimekuwa butu. Asante."

Nikawasha. Nikazima.

"Samahani. Ile gundi isogezwe mbali na jua. Nawashukuru."

Mara ya kwanza walishangaa. Mara ya pili wakanung'unika. Baada ya hapo fundi wa randa, mtu wa makamo ambaye hajawahi kusema neno la ziada, akatazama juu kwenye lile dirisha la kioo, kisha akanitazama mimi, akaelewa. Akaketi juu ya rundo la mbao, akatoa chai yake. Dada Vanishi alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha rangi akijiuma midomo asicheke. Lori la kubeba madawati lilikuwa limeshafika nje, dereva anapiga honi. Nami sikuwa na haraka. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu kwa mara ya kwanza ilikuwa imetulia tuli.

Tambo ndiye aliyekwenda kushtaki. Kwa nini nishangae?

Tajiri aliteremka ngazi akikimbia, afisa utumishi nyuma yake ameshika koti. Nilikuwa nimezima. Nilikuwa namwomba mtu, kwa upole, afagie unga wa mbao chini ya msumeno.

"Nani amezima?" Sauti ya tajiri iligonga bati la paa ikarudi. "Wewe? Umepatwa na wazimu? Lori linasubiri pale nje! Unanichezea? Unachezea mali yangu?"

"Bosi," nikamwambia, "mashine zimezimwa. Usipige kelele. Nakusikia."

Mtu akacheka, sikujua nani. Tajiri akageuka kumtafuta, hakumpata.

"Washa!" akafoka.

"Nitawasha. Nina maneno machache ya kuwaambia mafundi, na nimetakiwa niyaseme kwa upole. Kwa upole hawanisikii mpaka nizime. Kwa hiyo nazima, nasema, nawasha."

"Basi si upaze sauti! Nani amekukataza kupaza sauti?"

"Wewe."

Afisa utumishi akaanza kutazama paa kana kwamba bati lina jambo jipya.

"Juzi, ofisini kwako," nikasema. Sikuwa napaza. Ukumbi wote ulikuwa unasikia mpaka kwenye chumba cha rangi. "Ukasema nikipaza sauti tena, cheo anapewa Tambo. Waambie na hawa. Mimi uliniambia nimwombe radhi mbele yao, kwa kosa la kumuachia vidole vyake. Na hilo liseme mbele yao."

Watu wakamgeukia Tambo. Tambo alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Haya, yameisha," tajiri akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Paza sauti unavyotaka. Washa tufanye kazi. Hayo mengine nitayafikiria."

"Yafikirie tu, bosi. Nakusubiri."

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya ule mkono mwekundu. Nilijua kwamba anaweza kunifukuza pale pale, nikatoka na vumbi langu kichwani, nikaenda kumweleza mama yangu. Nilikuwa tayari. Honi ya lori ikalia, ndefu, ya mtu aliyechoka. Tajiri akatazama nje. Akatazama madawati yasiyo na migongo. Akatazama mafundi wake, na hakuna aliyekuwa amesogea.

Akasema kitu, kifuani kifuani.

"Hatusikii!" Dada Vanishi akaita kutoka mlangoni kwake. "Huku nyuma hatusikii, bosi! Paza sauti!"

Katika kimya kile hata sisimizi angesikika akitembea. Dada Vanishi alikuwa amesikia vizuri sana.

"Nimesema msimamizi ni huyu!" tajiri akafoka, mishipa ya shingo imemtoka. "Hakaimu tena! Kuanzia leo! Mmesikia sasa? Fanyeni kazi!"

Akageuka akapanda ngazi. Hakuna aliyemwuliza kama nyumbani kwake mambo ni salama.

Ningependa kusema nilifurahi. Watu walipiga makofi, fundi wa randa akanyanyua kikombe chake cha chai, Dada Vanishi akapiga vigelegele. Mimi nilizidi kukasirika. Kitu kilichokuwa changu ilibidi nimkabe mtu koo ndipo anipe, wakati mwenzangu alikipata akiwa anarusha nyundo na kusifiwa moyo safi. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na siku wakiniambia niipunguze nitaiongeza.

Nilikuwa nauinua mkono wa swichi pale afisa utumishi aliposogea. Alikuwa amebaki nyuma kwa makusudi, akitengeneza koti lake.

"Hongera, dada yangu," akasema. "Lakini kusema kweli, haya yote hayakuwa na haja. Ungekuja tu ukaomba kwa upole…"

Nikauinua. Randa ikanguruma, halafu msumeno, halafu nyingine zote, moja baada ya nyingine. Na yeye akawa bado anaendelea, midomo inacheza, kidole kinapanda na kushuka, ananifundisha jambo.

Nikamwonyesha sikio langu.

"Paza sauti!" nikampigia kelele, na ukumbi mzima ukanisikia. "Hapa ni kiwandani!"